Taa ya dagaa: unga wake huakisi, huwaka au hutoa mwanga?

Swali: Nafundisha fizikia hapa Kigoma. Wanafunzi wangu wanazijua taa za LED za wavuvi wa dagaa pale mwaloni Kibirizi. Katika notisi nimeandika: "Unga wa fosfa uliochanganywa na seriamu huakisi mwanga wa buluu ukawa mweupe." Mwenzangu anataka "huwaka". Tushike lipi?

Jibu: Mwalimu, yaacheni yote mawili. Kuakisi ni kurudisha mwanga uliokuja. Kioo huakisi, na maji ya ziwa huakisi mbalamwezi. Unga ule wa njano ndani ya taa, yaani fosfa, hufyonza mwanga wa buluu wa LED, wa urefu wa wimbi wa karibu nanomita 450, kisha hutoa mwanga wake wenyewe, wa njano, wenye nishati pungufu. Sehemu ya buluu hupita bila kufyonzwa, ikachanganyika na njano hiyo, na jicho likaona weupe.

"Huwaka" ina moto ndani yake. Mvuvi akisema taa yake inawaka amesema Kiswahili safi, asisahihishwe. Ila kwenye notisi neno hilo litampotosha mwanafunzi. Fikirieni karabai: utambi wake wa zamani ulikuwa wa oksidi ya thoriamu yenye takriban asilimia 1 ya oksidi ya seriamu (metali ileile iliyomo kwenye fosfa yenu), na ulitoa mwanga kwa sababu ulipashwa joto kali. Seriamu ya kwenye LED haihitaji joto hilo. Elektroni yake hupandishwa ngazi ya nishati na mwanga wa buluu, na ikishuka hutoa njano.

"Uliochanganywa" nalo linanikera zaidi, maana msomaji ataona unga wa aina mbili umekorogwa pamoja. Sivyo. Fuwele yenyewe ni ya itriamu, alumini na oksijeni, na atomi chache za seriamu zimekalia nafasi za itriamu humohumo. Oksijeni zinazoizunguka seriamu ndizo zinazochangia kuamua rangi itakayotoka. Mimi ningeandika "iliyotiwa seriamu", kama chai iliyotiwa iliki: kidogo tu, lakini chai nzima imebadilika. Na msiite unga huo fosforasi, kwani fuwele hii haina fosforasi kabisa.

Basi andikeni: "Fuwele iliyotiwa seriamu hufyonza mwanga wa buluu na kutoa mwanga wa njano." Muundo huo wa sentensi utawafaa hata mkifika kwenye oksidi ya itriamu iliyotiwa europiamu, ambayo hufyonza urujuanimno na kutoa mwanga mwekundu.