Maziwa, Samaki na Mkojo Usiotoka: Maswali Yenu Kuhusu Chakula cha Paka

Maswali ya chakula cha paka yamekuwa mengi safari hii, na karibu yote yana mzizi mmoja: tunamlisha paka kana kwamba ni mtu mdogo au mbwa mdogo. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Hata akizoea kula kila kinachobaki mezani, mwili wake haubadiliki kwa sababu hiyo. Naanza na swali ambalo halingojei.

Swali: Shikamoo daktari. Paka wangu dume, ana miaka minne, tangu jana jioni anaingia na kutoka kwenye sanduku la mchanga. Anachuchumaa, analia, hatoi kitu. Nadhani amefunga choo. Nimpe mafuta ya kupikia kijiko kimoja?

Jibu: Marahaba. Msomaji huyu nilimjibu papo hapo, na swali lake naliweka hapa kwa ajili ya kila mwenye paka dume. Usimpe mafuta. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Wengi hudhani ni choo kwa sababu mkao unafanana. Chunguza mchanga: kama hakuna bonge lililolowa, au kuna matone machache tu yenye damu, tatizo ni mkojo. Dume mwenye shida hii hujilamba sana sehemu zake za siri, hujificha, na ukimgusa tumboni chini anakwaruza au anakimbia. Kibofu kilichojaa hushikika kigumu kama limau bichi. Usikibonye, kinaweza kupasuka.

Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba mno karibu na ncha, kwa hiyo chembechembe za madini zikichanganyika na ute huziba kabisa. Mkojo ukikosa njia, figo hushindwa kutoa uchafu, potasiamu hupanda kwenye damu, na potasiamu hiyo ndiyo husimamisha moyo. Paka aliyeziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Akianza kutapika na kulegea, muda umebaki mchache sana. Majike hupata maumivu ya kibofu pia, lakini kuziba kwao ni nadra.

Chakula kinaingiaje hapa? Kupitia maji. Paka wa kufugwa wametokana na paka mwitu wa nchi kame, ambao walipata maji mengi kutoka kwenye mawindo, na hadi leo kiu yao ni ndogo. Paka wa kilo 4 anahitaji takriban mililita 200 za maji kwa siku, ukijumlisha ya kunywa na yaliyomo kwenye chakula. Chakula cha kopo ni maji kwa asilimia 75 hadi 80, chakula kikavu ni asilimia 10 hivi. Anayekula kikavu pekee na hapendi kunywa, mkojo wake unakuwa mzito, na mkojo mzito huhifadhi chembechembe. Kwa dume aliyewahi kuziba, mimi husema bila kusita: ahamie kwenye chakula chenye majimaji, na chakula kikavu kikibaki, kilowekwe. Weka bakuli za maji zaidi ya moja, pana, mbali na chakula na mbali na mchanga. Msongo nao huchangia, mfano kuhama nyumba au kuletewa paka mwingine, kwa hiyo usilaumu chakula peke yake.

Swali: Tuna mbwa na paka nyumbani. Chakula cha mbwa kinauzwa kwa mfuko mkubwa, paka naye anakipenda. Kuna ubaya wakila pamoja?

Jibu: Akidokoa siku moja, hakuna. Akifanya ndicho chakula chake, ubaya upo, na hauonekani mapema.

Kuna kirutubisho kinaitwa taurini, kinachopatikana kwenye nyama, moyo na samaki. Mwili wa mbwa kwa kawaida hujitengenezea. Wa paka hutengeneza kidogo mno, na kila siku hupoteza nyingine kupitia nyongo. Mwaka 1975 watafiti walionyesha kwamba paka anayekosa taurini huharibika retina na anaweza kuwa kipofu. Mwaka 1987 daktari Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waligundua jambo lililoshtua wengi: paka waliokuwa na moyo uliotanuka na kulegea, ugonjwa uliohesabiwa kuwa hauna tiba, walikuwa na upungufu wa taurini, tena wengine walikuwa wakila vyakula vya viwandani vilivyoaminika. Walipoongezewa taurini, mioyo yao ilirudi kufanya kazi. Watengenezaji wakaongeza kiwango, na ugonjwa ule ukapungua sana. Kila ninaposoma habari ile nawaza paka wangapi walikufa kabla yake kwa kukosa kitu kidogo namna hiyo.

Tofauti haziishii kwenye taurini. Paka hawezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A kama afanyavyo mbwa, lazima aipate tayari kutoka kwa mnyama. Protini pia: viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa chakula cha mifugo, vinavyotumika Marekani vinataka chakula cha mbwa mzima, kikipimwa bila maji yake, kiwe na angalau asilimia 18 ya protini, na cha paka mzima asilimia 26. Kwa hiyo watenganishie. Mlishe paka mahali pa juu ambapo mbwa hafiki, na mbwa alishwe kwa muda maalumu, bakuli liondolewe akimaliza.

Swali: Mimi humpikia mwenyewe, nyama ya kuku iliyochemshwa, basi. Bila chumvi wala viungo. Si ndiyo bora kuliko vya kopo?

Jibu: Nia yako nzuri sana, dada, ila nyama tupu haijitoshelezi. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mwili hukopa kalsiamu kutoka kwenye mifupa, na kwa paka mchanga deni hilo huonekana upesi: anachechemea, hataki kuruka, mguu unavunjika kwa kudondoka kutoka kwenye kiti. Porini paka hula panya mzima, pamoja na mifupa na ini lake. Hapo anapata kila kitu.

Halafu taurini huyeyuka kwenye maji. Ukichemsha nyama ukamwaga mchuzi, umemwaga na taurini. Ukitaka kuendelea kupika, mwombe daktari wa mifugo akupangie mchanganyiko kamili wenye kalsiamu, taurini na vitamini zake. Usibahatishe kwa kuongeza maini kila siku, kwa kuwa vitamini A ikizidi kwa miezi mingi huotesha mifupa kwenye uti wa shingo, na paka hawezi tena kugeuka kujilamba mgongo. Kuku wako abaki kitoweo cha pembeni, asizidi sehemu moja ya kumi ya mlo wa siku. Na mifupa iliyopikwa asipewe hata mmoja, huchanika vipande vyenye ncha.

Swali: Paka na maziwa, ndiyo au hapana?

Jibu: Hapana, si lazima kabisa. Akishaachishwa kunyonya, kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hupungua, na wengi huharisha. Wapo wasiodhurika, nao maziwa huwaongezea unene tu. Anayapenda kwa ajili ya mafuta, wala si utamu: mwaka 2005 watafiti wa Monell Chemical Senses Center, Philadelphia, walionyesha kwamba jeni moja ya kuonja utamu imeharibika kwa paka, kwa hiyo sukari hana habari nayo. Kitoto kisicho na mama kinahitaji maziwa maalumu ya paka. Ya ng'ombe hayamtoshi.

Swali: Wangu hataki kitu kingine ila samaki, tena mbichi. Nimuache?

Jibu: Usimuache. Samaki wengi wabichi wana kimeng'enya kinachovunja thiamini, yaani vitamini B1. Baada ya wiki kadhaa paka hukataa kula, kisha huyumba, na kichwa huinama hadi kidevu kinakaribia kifua. Ukiona shingo imeinama hivyo, ni dharura: sindano za thiamini zikiwahi, humwinua haraka, zikichelewa anaingia kwenye degedege. Kupika huua kimeng'enya hicho, lakini hata samaki aliyepikwa asiwe mlo pekee, maana samaki wenye mafuta mengi wakilishwa bila vitamini E ya kutosha husababisha uvimbe wenye maumivu kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi.

Kumbadilisha kunataka subira. Anza na kijiko kidogo cha chakula kipya ndani ya alichozoea, ongeza polepole kwa siku saba hadi kumi, na mkaidi mpe wiki tatu. Chakula kiwe vuguvugu, harufu ndiyo inayomvuta.

Swali: Paka wangu amehasiwa na sasa ana kilo 7. Mume wangu anasema tumnyime chakula siku tatu atapungua mwenyewe.

Jibu: Mwambie shemeji yangu asifanye hivyo, tafadhali. Paka mnene akikaa na njaa siku chache, mwili humwaga mafuta kwenye ini kwa kasi kuliko ini linavyoweza kuyatumia. Ini hujaa mafuta, macho na fizi hugeuka njano, na wengi hufa wasipolishwa kwa mrija. Ndiyo maana paka yeyote, mnene hasa, asiyegusa chakula kwa saa 24 napenda aonwe na daktari.

Baada ya kuhasiwa mahitaji hushuka na hamu hupanda, hivyo bakuli lisilokauka ndilo lililomfikisha hapo. Lenga apungue asilimia 1 ya uzito kwa wiki, kwake ni gramu 70. Pima chakula kwa mizani, maana kikombe hudanganya. Paka wa kilo 4 anayeshinda ndani anahitaji kilokalori 200 hadi 250 kwa siku. Vyakula vikavu vingi vina 350 hadi 400 kwa gramu 100, kwa hiyo gramu 60 hivi zinatosha. Utashangaa zilivyo chache bakulini. Zigawe mara tatu au nne.

Swali: Bibi yetu paka ana miaka 13. Anakula kuliko zamani, anakunywa maji sana, lakini anakonda. Ni minyoo?

Jibu: Minyoo inawezekana, ila kwa umri huo nafikiria kwanza tezi ya thairoidi iliyoko shingoni kufanya kazi kupita kiasi, au kisukari. Figo zikichoka paka hunywa na kukojoa sana pia, lakini hamu ya kula kawaida hupungua. Vipimo vya damu na mkojo ndivyo vitakavyotenganisha, na vyote vina matibabu. Usimwanzishie chakula cha figo kwa kukisia. Na usimpunguzie maji hata kidogo.

Swali: Anachechemea, nimvunjie nusu ya parasetamoli kwenye chakula?

Jibu: Hata robo usimpe. Ini la paka haliwezi kuiondoa dawa hiyo. Inaharibu chembe nyekundu za damu, fizi zinageuka kahawia, uso unavimba, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Vitunguu na vitunguu saumu navyo huharibu damu yake, hata vikiwa vimepikwa ndani ya mchuzi. Kama tayari ameimeza, usimtapishe mwenyewe. Chukua pakiti ya dawa, kumbuka saa aliyoimeza, na uende naye kwa daktari wa mifugo sasa hivi, hata kama bado anaonekana mzima.