Kasino Ikifunguliwa, Ajira Huongezeka Kweli?

SWALI: Kampuni moja inataka kujenga kasino mjini kwetu na inaahidi mamia ya kazi. Mwanangu amemaliza masomo na hana ajira. Je, niunge mkono mradi huo?

JIBU: Kazi hizo zipo kweli, ndugu msomaji, kwa sababu kasino nyingi hazifungi mlango usiku wala mchana, na kila nafasi, iwe ya mgawa karata, mlinzi, mtunza fedha au mpishi, huhitaji watu wa zamu kadhaa. Jambo la kuuliza kwanza ni fedha zinazochezwa humo zinatoka kwa nani. Zikiletwa na wageni, mji hunufaika. Zikitoka mifukoni mwa wenyeji, basi ni zilezile ambazo zingemlipa fundi au kununua viatu, na muuza viatu atakapomwachisha kazi msaidizi wake hakuna atakayeihesabu hasara hiyo.

Hata wageni hawadumu. Wapiga kura wa New Jersey, Marekani, waliruhusu kasino katika mji wa Atlantic City mwaka 1976, na ya kwanza ikafunguliwa mwaka 1978. Watu wa majimbo ya jirani walimiminika huko kwa miaka mingi, na maelfu kwa maelfu wakaajiriwa. Lakini Pennsylvania ilipoanza kufungua kasino zake mwaka 2006, wengi wakawa wanachezea kwao, na katika mwaka 2014 pekee kasino 4 za Atlantic City zilifungwa, watu wapatao 8,000 wakabaki bila kazi.

Linaloniuma zaidi ni ujuzi wenyewe. Mgawa karata anapoondoka mezani hupiga makofi mepesi na kugeuza viganja juu, ili kamera ione kwamba hakuficha kitu. Hujifunza kuhesabu malipo kwa kasi ya ajabu, na hilo si jambo dogo, ila kasino ikifungwa hana pa kuupeleka ujuzi huo. Macau, eneo la China lenye kasino nyingi, ambako kazi hiyo hutengewa wakazi pekee, mshahara wake umewavuta vijana wakaacha masomo mapema.

Kwa hiyo msikubali kabla leseni haijataja idadi ya kazi za kudumu, mbali na za ujenzi, pamoja na sehemu ya wenyeji. Mwanao asizuiwe kuomba nafasi, lakini ningependa aombe kwenye umeme, uhasibu au upishi, kazi ambazo siku ya kuondoka ataondoka nazo.