Kazi imenichosha: majibu kwa barua zenu

Barua nyingi za mwezi huu zinalia kilio kimoja: uchovu wa kazi ambao hata ukilala hauondoki. Nimechagua nne.

Mimi ni muuguzi wodi ya wazazi, Mwanza. Zamani mama akipoteza mtoto nilikuwa naumia naye. Siku hizi najaza faili na kwenda kwa mgonjwa mwingine, sisikii chochote. Nimekuwa na roho mbaya?

Hapana, mdogo wangu. Mwenye roho mbaya asingehangaika kuuliza. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika juu ya hali kama yako, baada ya kuwaona watu waliojitolea katika kliniki ya bure jijini New York. Walianza kwa moyo wote, wakaishiwa kabisa. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2019, lilitaja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi moyoni au kuichukia, na kuona unachofanya hakina tija. Ganzi yako ni hiyo ya pili. Shirika hilo halikuiita ugonjwa. Lilisema inatokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Kwa hiyo usijilaumu wewe peke yako, itazame na zamu yenyewe.

Nenda kwa muuguzi mfawidhi ukiwa umeandika: usiku mfululizo uliofanya mwezi huu, na idadi ya wajawazito anaowahudumia kila muuguzi kwa zamu. Ukisema tu "nimechoka", utajibiwa kwamba wote wamechoka. Takwimu za zamu ni ngumu kuzipuuza. Omba kuhamishiwa wodi nyingine kwa muda, hata kliniki ya watoto. Na siku wodi inapopata msiba, kaa na wenzako wawili watatu kabla ya kwenda nyumbani, mlisemee lililotokea. Wauguzi wengi hufundishwa kuvumilia, lakini hakuna anayewafundisha kuomboleza, na hilo linaniuma.

Ni mhasibu wa kampuni binafsi Dar es Salaam. Sijaenda likizo tangu mwaka juzi. Mwaka jana niliomba, bosi akasema subiri tufunge hesabu. Hata Jumapili simu haikatiki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya Tanzania Bara, inakupa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 zenye malipo. Mwajiri anaweza kupanga uende lini, lakini hawezi kusogeza tarehe bila kikomo: mwisho ni miezi 6 baada ya mzunguko wa likizo (miezi 12 ya kazi) kuisha, au 12 ikiwa umekubali na kazi inalazimu. Tena unastahili mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki.

Andika barua yenye tarehe kamili, baki na nakala iliyosainiwa kupokelewa, na utaje nani atashika kazi zako. Ukizungushwa tena, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa ajili hiyo. Ushauri wangu: usizikatekate siku hizo kuwa Ijumaa na Jumatatu. Chukua angalau wiki mbili kwa pamoja, maana siku za kwanza akili bado iko ofisini.

Nalala wikendi nzima, Jumatatu naamka nimechoka vilevile. Ni kazi au ni ugonjwa?

Anza hospitali. Upungufu wa damu, kisukari na matatizo ya tezi ya shingo vyote huchosha hivyo. Mweleze daktari pia kama hata mbali na kazi hakuna kinachokufurahisha, si chakula, si watoto, si ibada. Hiyo yaweza kuwa sonona, nayo inatibika. Ukipata mawazo ya kujidhuru, usikae peke yako: mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali leo hii.

Mume wangu ni dereva wa daladala. Anatoka saa kumi alfajiri, anarudi saa tano usiku, hasemi na mtu. Tajiri mwenye gari anataka hesabu yake, yaani fedha aliyopanga, kila siku. Nikimwambia apumzike anakuwa mkali.

Anakuwa mkali kwa sababu kwake kupumzika ni kukosa hesabu, na hesabu ikikosekana gari anapewa mwingine. Dada, usianze na neno "pumzika". Kaeni mpige mahesabu pamoja: siku moja kwa wiki akimwachia deiwaka, yaani dereva wa kumshikia gari kwa siku, nyumbani mtapungukiwa kiasi gani, na mtakiziba wapi? Mkishapata jibu, ndipo aende kwa tajiri na pendekezo la siku hiyo hiyo kila wiki, deiwaka anayeaminika, hesabu ileile. Dereva anayesinzia usukani ni hasara kwa mwenye gari pia, na hilo mumeo aliseme waziwazi. Akirudi usiku mpe chakula, mwache anyamaze. Mazungumzo haya yasubiri asubuhi ya siku atakayoamka bila haraka.