Usifute Diski kwa Sababu Folda ya Pamoja Imegoma Baada ya Kusasisha Linux

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia ujumbe mrefu. Ana kompyuta ya mezani yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, na humo ndimo zinamokaa picha, nyaraka na video za nyumba nzima. Wenzake huyachukua mafaili kwa laptopu na simu kupitia Samba, programu inayofanya folda ya Linux ionekane kwenye vifaa vingine vya mtandao. Alisasisha programu usiku, na asubuhi folda ya pamoja haikuwapo. Fundi aliyempigia simu akamjibu kwa mkato: futa diski, anza upya, na safari hii weka mfumo mwingine. Msomaji anauliza kama ipo njia nyingine kabla hajafuta.

Ipo. Na ujumbe wake umenigusa penye kidonda, maana jibu hilohilo niliwahi kupewa mimi na fundi niliyemwamini sana. Alilitoa mbele ya watu wa nyumbani kwangu, ambao tayari walikuwa wakiniuliza kwa nini nang'ang'ania Linux. "Hii ni ya seva za makampuni, siyo ya nyumbani," alisema, akafunga begi lake. Sijasahau.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Nilikuwa nimefunga diski mpya na kusimika Ubuntu 22.04 badala ya 20.04. Mafaili yote niliyarudisha palepale yalipokuwa, ndani ya folda yangu ya nyumbani, na faili la mipangilio la /etc/samba/smb.conf nikalirudisha neno kwa neno. Folda ya picha ilionekana kwenye mtandao, lakini kila aliyeibofya aliambiwa hana ruhusa. Laptopu hivyo, simu hivyo, televisheni hivyo. Fundi aliwasha upya ruta, akabadilisha waya, akazima faiwoli, akaiwasha tena. Alipochoka ndipo akatoa ile hukumu yake.

Alipoondoka nilijiuliza swali moja tu: mtandao unahusika kweli? Folda inaonekana, na inapobofywa inajibu, hata kama jibu ni la kukataa. Maana yake ombi limefika na majibu yamerudi. Nikaiacha laptopu, nikaketi kwenye kompyuta yenye mafaili na kufungua terminali, dirisha la kuandikia amri. Amri ya testparm ilisema mipangilio haina kosa. systemctl status smbd ikaonyesha huduma ya Samba iko hai. Kisha nikaandika smbclient //localhost/picha -N, yaani kompyuta iombe folda yake yenyewe, bila kupita kwenye waya wala waifai. Ikajikatalia: NT_STATUS_ACCESS_DENIED.

Nilifurahi mno kuona neno hilo. Kuanzia hapo ruta, waya na faiwoli havikuwa na kesi ya kujibu.

Sasa, ls -l ilionyesha folda ya picha ina ruhusa za kutosha, mtu yeyote aweza kuisoma. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu Linux haitazami folda ya mwisho peke yake. Ili kufika /home/mimi/picha, lazima uruhusiwe kupita /home, kisha /home/mimi, ndipo uifikie picha. Ipo amri ambayo watu hawaitumii vya kutosha, namei -l, ukiipa njia nzima ya folda inakuorodheshea ruhusa za kila hatua, mstari kwa mstari. Niliishusha macho polepole. Kwenye mstari wa folda yangu ya nyumbani palikuwa na drwxr-x---. Vile vistari vitatu vya mwisho vinasema kwamba asiye mwenye folda, na asiyemo kwenye kundi lake, hapiti kabisa. Mgeni wa Samba huingia kwa akaunti iitwayo nobody, ambayo haimo kokote.

Chanzo chake ni kwamba tangu toleo la 21.04, Ubuntu huziunda folda mpya za nyumbani kwa ruhusa 750, ndiyo ile drwxr-x---, badala ya 755 ya zamani iliyomruhusu kila mtu kupita. Ni uamuzi mzuri wa usalama na ninauunga mkono. Aliyepanda toleo bila kusimika upya hubaki na ruhusa zake za zamani, ndiyo maana watu wawili wenye toleo moja na mipangilio ileile, mmoja kwake inafanya kazi na kwa mwenzake inagoma.

Niliihamishia folda /srv/picha, nje ya folda yangu ya nyumbani, nikaunda kundi la familia, nikalikabidhi folda kwa chgrp -R, nikaweka chmod 2775 ili kila folda ndogo itakayoundwa humo irithi kundi hilo. Nikabadilisha njia kwenye smb.conf. Kila mtu wa nyumbani nikamsajili kwa smbpasswd -a, kwa kuwa Samba hutunza nywila zake yenyewe, mbali na zile za kuingilia kwenye kompyuta. Folda ikafunguka kwa wote, na hakuna picha hata moja iliyopotea.

Na hili ndilo ninalotaka kila msomaji alishike: kama ningefuta diski na kusimika Ubuntu upya, tatizo lingenirudia vilevile, kwa sababu kusimika upya ndiko kulikolizaa. Kufuta diski kungekuwa ugonjwa wenye jina la dawa.

Samba yenyewe imepatikana kwa kutazama kwa makini. Andrew Tridgell alipoanza kuiandika mwishoni mwa 1991, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Australia, hakuwa na kitabu cha kumweleza kompyuta zinazochangia mafaili zinazungumza namna gani. Aliandika programu ya kunasa ujumbe unaopita kwenye mtandao, akausoma, akajenga seva kutokana na alichokiona. Sisi tunaoitumia leo tuna kumbukumbu za mfumo, tuna amri ya kuzisoma, journalctl -u smbd, tuna kila kitu kimeandikwa, halafu tunakimbilia kufuta diski! Ndugu zangu, tusome kwanza. Mashine inasema kosa lake kwa maneno. Tusiyaruke maneno hayo kwa kuwa ni marefu.

Nirudi kwa msomaji. Nilimwomba anitumie majibu ya amri chache, na kwake haikuwa ruhusa hata kidogo. Huduma ya smbd haikuwa imewaka. dpkg --audit ilitoa orodha ya vifurushi vya programu vilivyofunguliwa lakini havijakamilishwa, Samba ikiwamo. df -h /boot ikaonyesha asilimia 100, yaani sehemu hiyo ya diski imejaa. Kompyuta yake ina sehemu ya /boot iliyotengwa, jambo la kawaida kwa aliyesimika kwa diski iliyofumbwa kwa nywila, na humo kerneli kuukuu, yaani matoleo ya zamani ya kiini cha Linux, zilikuwa zimerundikana. Sasisho lilileta kerneli mpya, nafasi ikakosekana, kazi nzima ikasimama katikati. Yeye alikuwa anatafuta kosa kwenye Samba, kumbe Samba ilikuwa inangoja zamu yake tu.

Hapo mpangilio wa kazi ni muhimu. Kwanza nafasi, kisha ukarabati. Tazama uname -r ujue kerneli unayotumia sasa, hiyo usiiguse, na uache nyingine moja ya akiba. Za zamani ziondolewe kwa apt, programu ya kusimika na kuondoa vifurushi: apt autoremove --purge. Apt ikikataa kwa sababu ya vifurushi vilivyokwama, ondoa kerneli moja kuukuu kwa dpkg --purge ili upate pa kupumulia. Baada ya hapo ndipo uandike dpkg --configure -a, halafu apt --fix-broken install. Ukianza na hizi mbili /boot ikiwa bado imejaa, zitafia palepale. Msomaji alifanya hivyo, smbd ikawaka, folda ikarudi. Amenitumia ujumbe wa furaha ambao nimeuhifadhi.

Kuna na wanaokutana na ujumbe kwamba faili la /var/lib/dpkg/lock-frontend limeshikiliwa. Msilifute. Mara nyingi ni unattended-upgrades inaweka masasisho ya usalama kimyakimya baada ya kompyuta kuwaka. Ngoja imalize. Na sasisho likikuuliza kama ubaki na smb.conf yako au uchukue mpya, baki na yako. Ukichukua mpya, folda zako zote za pamoja hutoweka, na itakubidi utafute nakala ya zamani ndani ya /etc/samba.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni chmod 777, yaani kumruhusu kila mtu kila kitu. Kila anayekwama huambiwa aweke 777 na yaishe. Kwangu isingesaidia chochote, maana folda ya picha haikuwa na kosa. Anayekupa amri bila kukueleza inafanya nini hajakusaidia, hata ikitokea imefanya kazi. Jifunze kuuliza: amri hii inabadilisha nini, na nitairudishaje? Kompyuta ni yako, mafaili ni yako, na siku yakipotea hakuna fundi atakayekurudishia.

Mara nyingine mabadiliko hayako kwenye Linux kabisa. Windows 11 toleo la 24H2, kwa Pro, Enterprise na Education, sasa inadai mawasiliano yawe na sahihi ya kidijitali, na folda inayofunguliwa kwa ugeni bila nywila haiwezi kutimiza sharti hilo. Laptopu ya kazini ikigoma ghafla wakati simu zinaingia, acha kuhangaika na seva yako, mpe mwenye laptopu jina na nywila kwa smbpasswd.

Televisheni za zamani ni suala lingine. Nyingi hazijui zaidi ya SMB1, toleo la zamani la lugha ya kubadilishana mafaili inayotumiwa na Samba, na Samba tangu 4.11 ya mwaka 2019 imelizima toleo hilo kwa kawaida yake. Utashauriwa uliwashe tena kwa mstari mmoja. Usikubali. SMB1 ndiyo iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry kwenye Windows Mei 2017, na haina ulinzi wa kutosha hata kama kompyuta zako zote ni Linux. Simika minidlna, programu inayorusha video kwa njia iitwayo DLNA, ielekeze kwenye folda ya video iliyo /srv, uhakikishe kwa namei -l kwamba akaunti yake inapita mpaka ndani. Televisheni ikiwa inaielewa DLNA, itaziona video zote na kuzicheza bila kuihitaji Samba.