Arusi ya nyumbani Lamu: anza na kinachochelewa kukauka, maliza na kinachowahi kunyauka

Pesa nyingi za mapambo hupotea wiki ya mwisho. Kazi zote hurundikwa siku chache, mikono haitoshi, na mwenye nyumba huishia kukodi maua ya plastiki na vitambaa vya watu kwa bei ya mtu mwenye haraka. Ukiwa na nyumba ya mawe mjini Lamu, yenye kiwanda (ua wa ndani ya nyumba) na zidaka zake (vishubaka vya ukutani), ukumbi unao tayari. Kinachotakiwa ni kuzipanga kazi kwa siku zake: chokaa mwezi mzima kabla, vitambaa na taa wiki mbili, udi wiki moja, makuti siku ya kuamkia arusi, asumini jioni ile ile.

Tuanze na kuta, maana ndizo zinazoharibiwa zaidi kwa nia njema. Nyumba za mji wa kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Ukuta wa aina hiyo hunyonya maji kutoka ardhini kisha huyatoa hewani. Ukiupaka rangi ya plastiki ya ndoo, maji yale hukosa pa kutokea. Chumvi hurundikana chini ya rangi, rangi hufura malengelenge, na miezi michache baadaye inabambuka kama ganda la kitunguu. Saruji ni mbaya zaidi: ni ngumu kuliko mawe yaliyo nyuma yake, na ikianguka huondoka na kipande cha ukuta. Chokaa huyaacha maji yapite, na bei ya mfuko wake haifiki hata nusu ya ndoo ya rangi ya lita 20.

Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kuta za mita 3 kwenda juu, hula mfuko mmoja wa kilo 25 wa chokaa iliyozimwa kwa mikono minne, yaani kupakwa mara nne. Kama mfuko unavushwa kwa mashua kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, ufungwe ndani ya nailoni kabla ya kupakiwa. Chokaa ikipata unyevu na hewa huanza kugeuka jiwe humo humo mfukoni, na ikishageuka haishiki tena ukutani. Isugue kwa vidole dukani kabla hujalipa: iliyo hai ni laini kama unga wa ngano, iliyokufa ina chengachenga kama za mchanga.

Tia maji lita 40 kwenye pipa la plastiki, halafu mwaga chokaa kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mti. Ukianza na chokaa kisha maji, utapata madonge na vumbi la kuchoma pua. Ilale usiku mmoja, na siku mbili ni bora. Ichuje kwa kitambaa cha melimeli. Uzito wake uwe wa maziwa, usiwe wa uji. Maji yawe matamu, ya bomba au ya mvua, kwa sababu maji ya kisima chenye chumvi yatakurudishia ugonjwa ule ule unaoutibu. Vaa miwani na glovu. Chokaa inaunguza, na ikiruka jichoni osha papo hapo kwa maji mengi safi kwa dakika 20, kisha nenda hospitali bila kungoja uone kama itapoa.

Kwangua rangi yote ya zamani, kwani chokaa haishiki juu ya plastiki. Mashimo yazibe kwa kipimo kimoja cha chokaa na vitatu vya mchanga, uyape wiki yakauke. Mchanga usiwe wa ufuoni, una chumvi. Wala usichote kwenye vilima vya Shela. Vilima vile ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji, na hakuna arusi yenye thamani ya kuviharibu.

Siku ya kupaka, nyunyizia ukuta maji mpaka uwe na unyevu bila kuchuruzika. Tumia brashi pana ya manyoya magumu, paka mkono mwembamba, ukiizungusha brashi pande zote. Ukimaliza utaona kama hujapaka kitu: ukuta ni wa kijivu na jiwe linaonekana. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanaongeza chokaa kwenye pipa, wanapaka mkono mzito, na mkono mzito hupasuka nyufa kisha ukamomonyoka. Ngoja. Kadiri inavyokauka ndivyo inavyozidi kuwa nyeupe. Kesho yake nyunyizia tena maji, paka wa pili, na vivyo hivyo hadi wa nne. Kuta za kiwanda zinazopigwa na jua la saa sita zipakwe baada ya alasiri. Chokaa hushupaa kwa kuvuta hewa ikiwa na unyevu. Ikikaushwa na jua kwa nusu saa hubaki unga, na unga huo utauona migongoni mwa mabuibui ya wageni. Wiki mbili kabla ya arusi pitisha kitambaa cheusi ukutani. Kikitoka cheupe, nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku tatu.

Juu ya kiwanda tandaza marikani. Kwa kiwanda cha mita 5 kwa 4, nunua mita 22 za kitambaa chenye upana wa mita 1.5, ukikate vipande vinne vya mita 5.5. Kila mwisho wa kipande shona pindo la sentimita 5 na upitishe kamba ya manila humo. Vipande vikikusanywa kidogo kwenye kamba hupata mikunjo, vikalegea katikati kama tanga lisilo na upepo. Acha nafasi ya kiganja kati ya kipande na kipande. Upepo wa kusi unaposhuka kiwandani hutafuta pa kupita, na ukikosa utang'oa kamba. Funga kwenye boriti, usipige misumari kwenye lipu ya chokaa. Arusi ikiisha, kila kipande hutoa mapazia mawili ya mlango, hivyo pesa ya kitambaa imebaki nyumbani.

Taa nzuri kuliko za kukodi ni kawa. Ndiyo, kawa lile lile la kufunikia chakula. Kijiji cha Matondoni wanasuka, na ukiagiza mapema utapata ya ukili (utepe wa miyaa iliyosukwa) mpana wenye nafasi ndogo za kupitisha mwanga. Toboa kichwani tundu la kutosha shingo ya holda, shona ukingo wa tundu kwa uzi wa katani usifumuke, pitisha waya, kaza holda kwa pete yake. Balbu iwe ya LED ya wati 5 hadi 9 na ikae angalau sentimita 8 mbali na ukili. Balbu ya zamani ya nyuzi hupata moto wa kuunguza, na ukili mkavu hushika upesi. Waya wa kiwandani uungwe na fundi wa umeme. Hii si kazi ya kubahatisha.

Zidaka hazitaki umeme. Weka humo glasi ndogo, theluthi mbili maji, juu yake mafuta ya nazi ya kina cha sentimita 2. Kata kipande cha kizibo cha chupa, kivishe karatasi ya alumini, toboa katikati, pitisha uzi wa pamba ulioloweshwa mafuta, uchomoze nusu sentimita tu. Ukizidi hapo taa hutoa moshi na kuchora doa jeusi kwenye chokaa yako mpya. Glasi huwaka saa nyingi, na mafuta yakiisha maji huzima utambi yenyewe. Vitambaa visikaribie, na watoto wasifikie.

Udi wa sukari upikwe wiki moja kabla, upate kutulia. Sukari gramu 250 na marashi ya waridi mililita 60 kwenye moto mdogo, mpaka ivute nyuzi na kugeuka rangi ya asali. Epua. Ngoja povu lote lishuke, ndipo utie udi wa vipande vidogo gramu 200, koroga, halafu mwisho attari (manukato ya mafuta) mililita 20. Ukitia attari sufuria ikiwa motoni, harufu yote inaondoka na mvuke. Na ukitumia manukato ya spiriti unaweza kuwasha moto jikoni. Mimina kwenye sinia iliyopakwa mafuta, kata kabla haujaganda, funga kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana. Hewa ya bahari huilainisha sukari mpaka udi unanata kama gundi.

Makuti ya kupambia mlango yakatwe siku moja kabla, yasizidi hapo, yatageuka kahawia. Makuti ya kijani yanatosha. Anayetaka yale machanga ya manjano amwite mkwezi anayejua, kwa sababu ukigusa shaha, moyo wa mnazi ulio kileleni, mnazi umekufa. Hauna pengine pa kuchipua.

Sasa asumini. Kwa wageni wanawake 60, kikuba (kishada cha maua cha kubandika nguoni) kimoja kila mtu, tafuta vikonyo 600 na zaidi kidogo, kwa kuwa vingine vitavunjika. Vichumwe kuanzia saa kumi jioni vikiwa vyeupe lakini vimefumba. Vilivyochumwa asubuhi vitachoka kabla ya isha, na vilivyokwisha kufunguka hudondosha maua ukivigusa. Vitandaze juu ya jani la mgomba, vifunike kwa leso ya pamba iliyokamuliwa maji. Usivimwagie maji, hupata madoa ya kahawia, na usiviweke kwenye friza hata dakika tano.

Kikuba kimoja ni matawi mawili ya rihani kwa chini, kipande cha ua la mkadi, asumini kumi kwa juu, na ua moja la kilua ukilipata. Funga kwa uzi wa pamba mara tatu, usikaze mpaka rihani ivunjike, acha pini kwa nyuma. Wanne wenye mikono myepesi humaliza sitini kwa saa mbili. Kwa koja (shada la shingoni) la biarusi tumia sindano nyembamba na uzi mmoja uliokunjwa mara mbili, na uchome kwenye kikonyo cha kijani, usichome ua lenyewe: petali iliyotobolewa huanza kugeuka rangi mahali pale pale. Mita moja ya koja lililobana hula kama vikonyo 150 hadi 200.

Koja hilo livaliwe la mwisho kabisa, nguo zikiwa zimekwisha kufukizwa na chetezo kimeondolewa chumbani. Moshi wa udi hukausha asumini kwa dakika chache, na kazi ya jioni nzima huenda nao.