Kabla Hujaupa Mto Bei

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya uchumi wa mazingira kwenye kilimo, wengi wenu mnatoka Sokoine au Mlimani mkiwa mmeiva kwa nadharia. Sina ugomvi na nadharia, ndiyo inayonilisha. Ninalotaka kuwaambia ni moja tu, ingawa nitalizungukia kwa mifano: kabla hujauliza msitu una thamani gani au mto una bei gani, uliza nani anatoa jasho leo, nani atafaidi, na atafaidi lini.

Tuanzie chini kabisa, kwenye vipimo, maana takwimu nyingi za kijijini huharibikia hapo. Umekaa mkekani Mbarali, unamuuliza mama mwenye shamba amevuna gunia ngapi za mpunga. "Kumi na nane." Unaandika 18, unazidisha kwa kilo 100, unahamia swali linalofuata. Taratibu kwanza. Muulize gunia lake ni la debe ngapi. Limefungwa mdomo kawaida, au ni lumbesa lililoshonewa kofia juu? Mpunga umeshaanikwa au ndiyo kwanza umetoka jarubani? Kisha njoo kwenye ekari. Ekari ya kijijini ni hatua 70 kwa 70, na hatua hizo ni za yule aliyeitwa kupima. Mwenye miguu mirefu akipiga hatua ya mita moja anakupa mita za mraba 4,900, wakati ekari halali ni kama 4,047. Mwenye hatua ya sentimita 80 anakupa 3,136. Tofauti hiyo peke yake inatosha kugeuza shamba la hasara kuwa la faida kwenye ripoti yako. Zunguka shamba mwenyewe na simu yenye GPS, na ubebe mzani wa kuning'iniza. Wenyeji watakucheka kidogo, waache wacheke.

Sasa jasho. Siku moja panda Uluguru, upande wa Kibungo au Matombo, utazame mashamba yalivyong'ang'ania miteremko. Maji ya huko yanaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Udongo unaomtoroka Mluguru masika unakwenda kuwa tope la watu wa mjini. Vitabu vyetu vinaupenda sana mfano wa namna hii, gharama anayoisababisha mmoja na kubebwa na mwingine, na dawa yake kitabuni huchukua nusu ukurasa.

Serikali ya kikoloni nayo iliona tope hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilileta mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Kwa mtaalamu wa udongo aliyeko ofisini, jambo lile lilikuwa na mantiki. Kwa mwenye jembe, lilikula siku nyingi za kazi, likafukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuleta juu, mavuno yakapungua, na asiyechimba akaadhibiwa. Mwaka 1955 watu walichoka. Ghasia zikalipuka Matombo, damu ikamwagika, na matuta ya lazima yakaishia hapo. Faida yote ilikuwa imehesabiwa kwa ajili ya bonde zima, na gharama yote ikaachwa juu ya mgongo mmoja.

Nusu karne baadaye mashirika ya CARE na WWF yalirudi kwenye milima ile ile na hesabu nyingine. Mkulima anayechimba fanya juu (mtaro wa kukinga udongo, ambao udongo wake hurushwa upande wa juu) au kupanda miti kwenye shamba lake alipwe, na walipaji wawe watumiaji wa maji huko chini, wakiwemo DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam wakati huo, na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza. Ukisoma habari za mradi ule usiridhike na sentensi ya "wakulima walinufaika". Uliza mambo yanayoumiza kichwa zaidi. Malipo yakifuata ukubwa wa eneo, mwenye robo ekari anapata nini? Fanya juu inachimbwa mwezi gani, na mwezi huo nani angekuwa wapi akifanya kibarua cha shilingi ngapi? Mimi humtaka kila kijana anayefanya kazi nami achore kalenda ya kazi za kaya kabla ya kitu kingine chochote: mwezi hadi mwezi, baba yuko wapi, mama yuko wapi, watoto wako shule au wanawinga ndege. Utashangaa ni mara ngapi "kazi ya kaya" kwenye jedwali ni kazi ya mwanamke mmoja ambaye hakuhojiwa.

Kuna jingine la Uluguru ambalo kamwe halitokei kwenye modeli. Waluguru hurithi ukoo kwa upande wa mama, na ardhi nyingi ni ya ukoo. Mwanamume anayelima shamba la ukoo wa mkewe anaweza kulima mahindi na maharage bila mtu kumuuliza. Siku akipanda miti ya kudumu, wajomba wa mkewe watamuuliza ana maana gani, kwa sababu mti wa kudumu ni dai la umiliki. Utamwita mkulima huyo mgumu wa kubadilika, ukamwandikia semina. Yeye shida yake ni shemeji. Kwa hiyo nenda ukakae na wazee wa ukoo, unywe chai, uulize nani anaruhusiwa kupanda nini wapi. Hiyo ni data kama data nyingine.

Tuje kwenye muda. Mmefundishwa kuleta thamani ya kesho kwenye leo kwa kutumia asilimia fulani, na wengi mnachukua 10 kwa sababu mwalimu alitumia 10. Angalia inavyofanya. Miti itakayokupa shilingi milioni moja baada ya miaka 20, ukitumia asilimia 5 ina thamani ya kama 377,000 leo. Ukitumia 10 inashuka hadi kama 149,000. Ukitumia 30 inabaki 5,300, yaani haifiki bei ya kuku. Sasa muulize mkulima wa kawaida anakopaje. Wapo wanaouza mpunga ukiwa bado jarubani: tuseme anachukua 50,000 mwezi wa pili kwa ada ya shule, akaahidi gunia moja wakati wa mavuno, na mavuno yakifika gunia linauzwa 80,000. Hiyo ni asilimia 60 kwa miezi michache. Mtu anayeishi ndani ya riba hiyo akikataa mti wa miaka 20, hajakosa elimu ya mazingira. Amepiga hesabu sahihi kuliko yako. Ukitaka apande miti, mpunguzie kwanza dhiki ya mwezi wa pili. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kuokoa misitu mingi kuliko kampeni ya mabango.

Mto wenyewe sasa. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha mwishoni mwa 1993, na tangu hapo ikawa kawaida. Chini yake kuna bwawa la Mtera, lenye mitambo ya megawati 80, na Kidatu yenye 204, kwa hiyo umeme ulipokuwa wa mgao, macho yote yalielekezwa Usangu, bonde lililoko juu ya mto huo, kwa wakulima wa mpunga na wafugaji. Mwaka 2006 wafugaji wakaanza kuhamishwa. Lakini kabla ya hapo lilikuwa limejaribiwa jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa uchumi angelipendekeza: maji yapewe bei. Kwa mradi uliogharamiwa na Benki ya Dunia, watumiaji wakapewa vibali vya maji na kutozwa ada, na mabanio ya zamani ya mawe na magogo, yaani vizuizi vya kuingiza maji ya mto mferejini, yakabadilishwa kuwa ya zege.

Kinadharia ada inamfanya mtu abane matumizi. Usangu ilikwenda kinyume. Aliyelipia kibali cha lita kadhaa kwa sekunde aliona ni haki yake kuzichukua zote, masika na kiangazi, hata mto ukiwa umebaki uzi. Ada ilikuwa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi, wala hakukuwa na mita ya kupima yanayoingia mferejini. Banio la zamani lilikuwa likibomoka kwa mafuriko, na la magogo hata likiwa zima linavuja, basi maji yaliyopenya yaliwafikia wa chini. Banio la zege halivuji. Skimu ya umwagiliaji ya juu ikanufaika, ya mkiani ikalia. Hata mipango ya kienyeji ya kupeana maji kwa zamu, iliyokuwepo kabla ya kibali kufika, ikadhoofika, maana mwenye risiti hana haja ya kumbembeleza jirani.

Simaanishi maji yasiwe na bei. Namaanisha bei ni chombo, na chombo kinategemea kimeshikwaje. Ukitumwa kwenye skimu yoyote, usianzie ofisi ya bonde. Fuata mfereji kwa miguu kutoka banioni hadi jaruba la mwisho, kiangazi, saa za asubuhi. Utakayemkuta huko mkiani akisubiri zamu yake ndiye atakayekueleza uchumi wa maji wa mahali pale, na mara nyingi hayumo kwenye orodha ya viongozi wa umoja wa watumia maji uliyopewa.

Ukichoka na habari za kushindwa, soma Shinyanga. Huko Wasukuma walikuwa na ngitili, sehemu ya malisho inayofungwa masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Misitu ya mkoa ilikuwa imefyekwa kwa vipindi tofauti, kwanza kupambana na mbung'o, halafu kwa pamba, na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawatenga watu na ngitili zao. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizorekodiwa zilikuwa kama hekta 600. Kufikia miaka ya 2000 makadirio yalikuwa zaidi ya hekta 300,000, na mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya mwaka 2002. Utafiti uliofuata ulikadiria kuwa mazao ya ngitili, yaani kuni, nguzo, malisho, nyasi za kuezekea, asali, uyoga na dawa, yana thamani ya kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini yalikuwa kama dola 8.5.

Wengi huinukuu ile 14 na kuacha kilichoizaa. Ngitili ilikuwa ya kaya au ya kijiji na kila mtu alijua ni ya nani. Sheria zake zilipitishwa kwenye dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakazisimamia. Na faida ya kwanza, nyasi, ilionekana msimu ule ule. Hakuna aliyeambiwa asubiri miaka 20. Angalizo moja tu la kiufundi: hiyo 14 ni wastani. Mwenye ng'ombe wengi na mjane asiye na ng'ombe hawatoki na kitu kimoja kwenye ngitili ya kijiji, kwa hiyo kila unapopewa wastani omba mgawanyo.

Nimeacha biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kutunza msitu unaohifadhi hewa ukaa, mwisho kwa sababu ndiko wengi wenu mtakakoajiriwa. Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko hapo hapo Sokoine, na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi tayari vimeonja fedha zake. Utakutana na mikataba ya miaka 30. Isome ukiwa na yule mkulima wa mwezi wa pili kichwani. Tafuta kifungu kinachosema mapato yanagawanywa kabla au baada ya gharama za mradi, maana "asilimia 60 ya mapato" inaweza kuwa kubwa au ndogo kutegemea neno hilo. Tafuta nani anabeba hasara moto ukiunguza msitu. Tafuta nini kinatokea kijana aliyezaliwa mwaka wa kusaini akifika umri wa kutaka shamba lake mwenyewe, na ardhi ya akiba ya kijiji imo ndani ya mpaka wa mradi. Kama mkataba uko kwa Kiingereza tu, kataa kuusimamia mkutano mkuu wa kijiji mpaka utafsiriwe, hata kama bosi anakupigia simu akiuliza mbona mnachelewa.