Muulize Fundi wa Kava: Kwenye Skrini Linawaka, Likichapwa Halisomeki

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi mwanafunzi niko Morogoro, tunatoa jarida la chuo na mi ndo nimepewa kava. Jina la jarida nimeliweka jekundu juu ya kijani, kwenye kompyuta linawaka balaa, sasa tumechapa kopi chache za majaribio kila mtu analalamika jina halisomeki mpaka ulishike mkononi. Shida ni wino au ni mimi?

JIBU: Salama mdogo wangu, mwenye duka la uchapaji muache kwanza. Watu wengi wanadhani rangi mbili zikiwa tofauti sana basi kontrasti, yani tofauti ya mwanga na giza, ipo, nyekundu na kijani si zinapingana kabisa, sasa kwanini zisionekane? Jicho likiwa mbali linasoma herufi kwa kuangalia kipi kina mwanga na kipi kina giza, habari ya hii nyekundu hii kijani inakuja baadae. Ukichukua nyekundu kali na kijani kali ya skrini ukazipima, kontrasti yake inakuja kama 2.9 kwa 1 hivi. Wale W3C wanaoweka viwango vya wavuti wanataka angalau 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa na 4.5 kwa 1 kwa madogo, yani hata kwenye skrini ulikua umeshafeli ila mng'ao ulikuficha. Linganisha na njano juu ya nyeusi, ile inapita 19 kwa 1, ndo maana mabango ya barabarani wanaipenda. Na hiyo hiyo njano ukiihamishia kwenye nyeupe inabaki 1 na pointi kidogo tu, maandishi yanapotea kabisa. Njano haijabadilika, jirani yake ndo kabadilika.

Alafu kuna suala la uchapaji. Skrini inatengeneza rangi kwa taa, mashine inatengeneza kwa wino nne, saiani, majenta, njano na nyeusi, na kile kijani cha kuwaka cha kompyuta hakuna mchanganyiko wa hizo nne unaokifikia, kwa hiyo kikifika kwenye karatasi kinapoa na kuwa kizito. Kikishakuwa kizito kinasogelea uzito wa nyekundu yako, kontrasti ndogo uliyokua nayo nayo inaondoka. Ndo kilichokupata hicho. Siku nyingine faili lako likae kwenye mfumo wa CMYK, yani wa hizo wino nne, toka siku ya kwanza, sio unabadilisha usiku wa kupeleka kiwandani alafu unashtuka bluu imekuwa zambarau.

Kujipima ni bure: piga kava lako picha na simu, liondoe rangi liwe nyeusi na nyeupe, uliangalie dogo kama stempu. Jina likizama, rangi hazikusaidii hata uzipende vipi. Ukiona uvivu finya macho tu usogee nyuma hatua kadhaa. Na usisahau wapo wanaume ambao nyekundu na kijani kwao zinafanana, kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni kama 1 kati ya 12, kwetu Afrika ni wachache kuliko hapo ila wapo, na pengine mmoja wao ndo mkuu wako wa idara. Bakisha kijani chako kama unakipenda, kikoze kiwe cha giza, jina liwe nyeupe au njano, hiyo nyekundu itupie kwenye kitu kidogo kimoja pembeni basi.

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Mombasa, nina jarida dogo la harusi na mitindo. Kava lijalo ni bibi harusi mweusi mzuri sana, gauni rangi ya damu ya mzee, nyuma yake ukuta wa hudhurungi na maua tele. Maandishi hayaonekani popote. Mpiga picha anashauri tumng'arishe sura. Unaonaje?

JIBU: Marahaba. Sura msiiguse. Mkimng'arisha ngozi mtapata mtu mwengine, mamake mwenyewe atauliza huyu nani, na maandishi bado yatakuwa yamekaa juu ya maua. Kosa liko kwenye ukuta, maana uso, gauni na ukuta vyote vina uzito mmoja, kwa hiyo hata yeye mwenyewe amezama humo humo sio maandishi peke yake. Kama mnaweza kurudia picha mpeni ukuta wa rangi nyepesi, maziwa au samawati iliyopauka, na taa moja ya nyuma imguse begani na kwenye mtandio ili umbo lijitenge. Kama hamuwezi, shusheni mwanga wa ukuta na maua pale nyuma mpaka viwe giza tulivu, yeye abaki na mwanga wake ule ule. Vivuli vya usoni mvifungue kidogo kabla ya kuchapa, hilo ni jambo jingine kabisa na kung'arisha, ni kwamba wino ukigusa karatasi unatanuka na picha inatoka nzito kuliko mlivyoiona kwenye skrini.

Kuhusu maandishi jibu mnalo kabatini, tazama kanga. Mji, ile sehemu ya kati ya kanga, unaweza kuwa na maua na korosho za kila namna lakini jina limewekwa kwenye kisanduku chake kitupu, hakuna ua linalopita juu ya herufi. Fanyeni hivyo hivyo.

SWALI: Mambo fundi, huku Nairobi, nina jarida langu liko toleo la pili, nauza kwa kutandika chini pale stendi. Naona majarida makubwa ya nje wakati mwingine yanaweka nyeusi juu ya nyeusi na watu wanasifia. Sasa hiyo kontrasti mnayotuhubiria kila siku?

JIBU: Poa. Nadhani unasema lile la The New Yorker, jarida la Marekani, la 24 Septemba 2001, minara pacha ya New York iliyoangushwa kwenye shambulio la Septemba 11, nyeusi juu ya kava jeusi, kazi ya mchoraji Art Spiegelman na mhariri wa sanaa wa jarida, Françoise Mouly. Kwa haraka unaona kava tupu, ukiligeuza kwenye mwanga ndo minara inatokea. Pale kutoonekana ndo habari yenyewe, na msomaji alikua anajua tayari ni jarida gani kabla hajalishika. Jarida la Time nao wana mpaka mwekundu kuzunguka kava toka 1927, na mwezi ule ule wa Septemba 2001 waliubadilisha ukawa mweusi, watu wakashtuka kwa sababu nyekundu walishaizoea miaka yote hiyo. Wewe umeniandikia kwamba uko toleo la pili na unauza kwa kutandika chini pale stendi. Nyeusi juu ya nyeusi weka ukurasa wa ndani.